Baba Yako Mdogo Anakusalimu

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nane, nikajua umeikunja kwa mazoea ya kukunja vitambaa, nikacheka peke yangu ofisini. Huku kwetu ni salama. Mume wangu amepandishwa cheo shuleni, sasa ni mwalimu mkuu msaidizi, na hata nyumbani anataka tunyooshe mkono kabla ya kusema. Kitambaa ulichonitumia nimekipenda mno. Vipimo vyangu nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Gauni lisinibane, tafadhali.

Baba mdogo msalimie sana. Mwambie ile redio aliyonitengenezea nikiwa darasa la sita bado inazungumza, ingawa kitufe cha sauti kimeng'oka na ninazungusha kijiti chake kwa koleo.

Sasa jambo lenyewe. Maabara imenihamishia kwenye kundi linalochunguza skizofrenia, ugonjwa uleule wa baba mdogo. Tunatafuta kwa nini baadhi ya familia hupata mgonjwa mmoja kisha mwingine, na nyingine hazipati kabisa. Tunakusanya mate ya wagonjwa na ya ndugu zao, hospitalini na majumbani, tunasoma vinasaba vilivyomo na kulinganisha. Mkuu wetu wa maabara, mama asiyecheka hata akitekenywa, amekubali familia yetu iingie.

Nakuomba vitu viwili. Kwanza chati ya ukoo: mwanamume mchoree mraba, mwanamke duara, na aliyeugua umpake wino mweusi. Pili, vichupa viwili nilivyoweka ndani ya bahasha. Kimoja utemee mate wewe, kingine baba mdogo, kila mtu na namba yake. Fomu umsomee polepole na asaini mwenyewe. Akikataa, amekataa, tusimsukume.

Usiniulize kwa nini nina haraka. Ni kazi tu.

Binti wa kaka yako


27 Februari

Mama Maswali,

Marahaba. Nimefurahi kuwa mumeo amepanda cheo, ila mwambie kwangu akija atanyoosha mkono yeye. Mimi nipo. Magoti yanalalamika nikikanyaga cherehani, na cherehani inalalamika magoti yakiikanyaga, basi tunasikilizana. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu na bado anadai una mguu mkubwa kuliko wa mumeo.

Baba yako mdogo anakusalimu sana. Habari za redio zimemfurahisha. Anakula vizuri, asubuhi anaota jua uani, dawa anameza bila ugomvi.

Chati nimeichora kwenye karatasi ya kukatia nguo, ndiyo maana imekuwa kubwa kuliko meza yako. Nimepaka wino wawili. Duara la juu ni shangazi yake babu yako, yule aliyekuwa akipigilia madirisha misumari saa sita mchana. Mraba wa chini ni baba yako mdogo. Duara langu nimeliacha jeupe, ingawa mama wa yule mchumba wangu alilipaka wino zamani, alipomwambia mwanawe asiingize damu yetu nyumbani kwake. Ndiyo maana kwangu huna mume wa shangazi wala binamu wa kuwasalimu.

Vichupa hivi hapa, vyote viwili. Fomu amesaini mwenyewe. Hakuwa na maneno mengi.

Kila mwaka unanihimiza ninunue simu. Masikio yangu yameharibiwa na cherehani, kwenye simu nasikia nusu na kujibu robo. Barua inanisubiri nimalize kufikiri.

Gauni nimeanza. Kiuno chako kimeongezeka inchi tatu tangu mwaka jana, kifua mbili. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba tepu yangu haijawahi kudanganya mtu.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mume wangu hajambo, nami sijambo, ingawa wiki hii imenitoa jasho na nitakueleza sababu.

Kabla ya kusoma chochote, mashine yetu huangalia kama kichupa ni cha mwanamume au mwanamke, maana watu hukosea kubandika lebo. Kichupa cha baba mdogo kimetoka mwanamke. Nikajilaumu, nikasema nimechanganya mimi. Nikarudia kazi yote toka mwanzo, nikapata mwanamke yuleyule. Ndipo nikaviweka vichupa vyenu viwili pamoja na kuvilinganisha.

Shangazi, havifanani tu kama vya ndugu. Ni mtu mmoja. Ni wewe mara mbili.

Mkuu wa maabara alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama skrini, kisha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuchoka kazini. Ule upole ulinitisha kuliko ukali wake wote. Sampuli sitini za wiki hiyo zimesimamishwa mpaka ijulikane kosa ni la nani, na wenzangu wananipisha kwenye korido kana kwamba nimebeba chai ya moto.

Najua hukufanya kwa ubaya. Labda baba mdogo alikataa kutema mate nawe ukaona haya kuniambia. Kama ndivyo, si kosa kukataa. Kama anakubali, nimeweka kichupa kipya na fomu mpya. Nakuomba kitoke kinywani mwake.

Msalimie. Mwambie simlaumu.

Binti wa kaka yako


11 Aprili

Mama Maswali,

Marahaba. Fundi viatu ameng'oa jino na analalama mtaa mzima. Mimi ni mzima.

Umekisia vema. Wiki ile hakuwa na hali nzuri. Alisema mtangazaji wa taarifa ya habari anayataka mate yake, basi nikaona nisikuaibishe kazini. Nisamehe. Sasa ametulia, ametema, na kichupa kiko ndani ya bahasha. Kwa macho yangu nimekishuhudia kikijaa.

Baba yako mdogo anakusalimu.

Una miezi mingapi? Nikadirie pa kuachia kitambaa.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Miezi sita. Tepu yako ni mbaya kuliko mashine yetu. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa naogopa, na kinachoniogopesha ndicho ninachokisoma kila siku kazini. Mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeshika orodha ya vinasaba, na najiuliza nimempa nini huyu mtoto. Nilitaka mate ya baba mdogo kwa ajili ya utafiti, kweli, lakini zaidi nilitaka kujua kwa ajili yangu. Sasa umejua haraka yangu.

Kichupa cha pili nimekisoma. Safari hii ni mwanamume. Nilishangilia, nikamwita mkuu aje aone kwamba sikuwa mzembe. Kisha nikamlinganisha nawe, nikamlinganisha nami. Huyu si mtoto wa babu na bibi. Si binamu. Si mtu wetu hata kwa mbali. Na mashine imeonyesha damu nyingi ndani ya mate, ya mtu mwenye kidonda kinywani.

Nani kang'oa jino, Shangazi?

Nilizitoa fomu zote mbili nikaziweka chini ya taa. Saini zimenyooka sawasawa, zimeanza na kuishia kwenye mstari, mshono mtupu. Baba mdogo hajawahi kuandika jina lake bila kulipandisha mlima. Kisha nikachukua barua zako zote kwenye sanduku la marehemu baba. Miaka kumi na mmoja. Kila barua baba yangu mdogo anasalimu, anakula vizuri, anaota jua uani. Maneno ni yaleyale. Hata mvua zikinyesha katika barua, yeye yuko uani anaota jua.

Tulipomzika baba ulikuja peke yako, ukasema mdogo wako hawezi safari. Nikakuamini. Na simu unayoikataa nimeielewa leo. Kwenye simu ningesema, hebu mpe nimsikie.

Baba mdogo yuko wapi?

Binti wa kaka yako


1 Juni

Shangazi,

Sijapata jibu. Nimemuuliza postamasta, anasema barua yangu ilichukuliwa tarehe kumi na nne.

Binti wa kaka yako


14 Juni

Mwanangu,

Hukuniamkia katika barua yako ya mwisho, nami nimeona umetenda haki. Hii ni karatasi ya tano. Nne nimezikata vipande nikavitumia kujaribia mkasi.

Sijui alipo.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, naingiza mkono wa kushoto. Wiki tatu alikuwa hajalala. Alikwisha fungua kila redio ndani ya nyumba akimtafuta mtangazaji anayemsema, na siku ile alfajiri nilimkuta anafungua cherehani yangu. Tuligombana. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu, ana mfuko wa bisibisi zake begani. Akasimama mlangoni akaniangalia.

Nilijua nikisimama atarudi. Siku zote nilisimama na siku zote alirudi. Sikusimama. Niliinamisha kichwa nikashona ule mkono wote, kutoka begani mpaka kifundoni, nikakata uzi, nikaupiga pasi mshono, ndipo nikaenda mlangoni. Mtaa ulikuwa mweupe.

Nilitaka kuandika kwamba nilikuwa nimechoka tu. Nilikuwa nimechoka naye. Kwa muda wa mkono mmoja wa gauni nyumba ilikuwa kimya, na mimi nilifurahi. Hilo ndilo sikuweza kumwambia baba yako.

Nilimtafuta. Vituo vya polisi, hospitali, vyumba vya maiti, nikifungua shuka za watu nisiowajua. Wiki ileile ikaja barua ya baba yako, na mstari wa kwanza ulikuwa: mdogo wetu hajambo? Nikaandika anakusalimu, nikidhani ni uongo wa wiki moja. Ulipofika mwezi wa pili, ningeuelezaje uongo wa kwanza? Kisha baba yako akafa akiamini. Kisha ukaanza wewe, na swali lako lilikuwa lilelile.

Ndiyo, jino ni la fundi viatu, na mate ni yake. Alidhani ni mzaha. Usimchukie.

Mlango wa nje sijautia komeo tangu siku ile. Chati niliyokuchorea usiitumie. Mraba wake nimeupaka wino bila kujua kama aliye ndani yake yu hai.

Shangazi yako, kama bado unaniita hivyo


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimekasirika sana, na nisipokuamkia nitaandika ya kujutia. Nimelia, nimevunja kikombe, nimemgombeza mume wangu ambaye hakuhusika. Sikasiriki kwa sababu ya mlango. Nakasirika kwa zile salamu. Nilizipokea, Shangazi. Nilizijibu. Nilimtumia fulana.

Sasa keti kabla ya kusoma yanayofuata.

Kwa ajili ya vile vichupa vyetu, mkuu wa maabara aliamuru kila sampuli iliyowahi kuingia hapa, tangu utafiti uanze, ilinganishwe na nyingine zote, isije kuwa kuna watu wengine wamehesabiwa mara mbili. Kazi ya siku tisa. Jana mchana orodha ikatoka. Namba yako imeshikana na namba 417.

Siyo kushikana kwa bahati. 417 ni mwanamume, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja nawe. Nikamlinganisha nami ili nisijidanganye: si baba yangu, ni ndugu wa baba yangu. Ndugu zako wa tumbo moja walikuwa wawili tu. Mate hayo yalichukuliwa katika wodi ya hospitali miaka minne iliyopita. Wakati unafungua shuka za maiti alikuwa hai, na wakati unamwandikia baba salamu zake alikuwa anatema mate kwenye kichupa chetu. Miaka miwili nimepita mbele ya friji alimo.

Nilikaa sakafuni. Mkuu wa maabara akaja akakaa sakafuni nami, na sketi yake ya kazi.

Mimi siruhusiwi kujua jina wala hospitali. Ufunguo wa majina unakaa kwa kamati ya maadili, na mkuu amewaandikia leo. Fomu yake ina swali: tukigundua jambo linalokuhusu, tukutafute? Amejibu ndiyo. Muuguzi atamuuliza kama anataka ndugu zake wajue alipo. Akikataa, amekataa. Niliyaandika maneno haya Februari bila kujua uzito wake.

Ngoja. Na mlango uache vilevile.

Binti wa kaka yako


29 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Tumbo limeshuka, miguu imevimba, viatu vya mume wangu ndivyo vinanitosha, mwambie fundi viatu ameshinda.

Jibu limekuja. Pale hospitalini anajulikana kwa jina la Fundi Redio, maana hajawapa jingine. Aliletwa na polisi kutoka kituo cha mabasi, mji wa mbali kuliko yote uliyotafuta. Anameza dawa. Siku nyingine mtangazaji bado anamsema, lakini muuguzi anaandika kwamba siku hizi anamjibu kwa sauti ndogo na kuendelea na kazi. Redio zote za wodi anatengeneza yeye.

Muuguzi alimuuliza kama ana dada. Alikula kwanza chakula cha mchana. Kisha akasema, "Muulizeni kama mkono wa kushoto ulikaa sawa."

Muuguzi ameomba radhi kwenye barua yake, anadhani mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa. Mimi niliposoma ilibidi nishike ukingo wa meza. Mume wangu alidhani uchungu umeanza.

Amekubali uende. Anwani iko nyuma ya karatasi hii, kama nilivyoandika vipimo vyangu Februari.

Kuhusu hofu yangu, nilimuuliza mkuu wa maabara waziwazi. Akasema hakuna kinasaba kimoja cha kukilaumu. Ni vingi mno na kila kimoja kina nguvu kidogo. Hata pacha wanaofanana kila kitu, mara nyingi mmoja huugua na mwenziwe akabaki mzima, na sababu zake hatujazimaliza. Hakuna aliyeko maabara anayeweza kuusoma mraba au duara la mtoto ambaye hajazaliwa. Nilitaka jibu bora kuliko hilo. Halipo. Lakini yule mama wa mchumba wako hakujua alichokuwa akisema, na hilo nakuandikia kama mtaalamu.

Nenda, Shangazi.

Binti wa kaka yako


20 Agosti

Mama Maswali, sasa mama kweli,

Marahaba, na marahaba ya mtoto pia, ingawa hajajua kuamkia. Simu ya mumeo hospitalini ilipokelewa na muuguzi, akaja kunitangazia korido nzima: ni duara. Gauni lako limo safarini. Nimeliachia kitambaa cha kutosha, utaamua wewe kulipunguza au kulipanua.

Nakuandikia kutoka chumba cha wageni mkabala na hospitali. Ni siku ya sita.

Nilimkuta kwenye benchi la korido, redio iko wazi mapajani, bisibisi ileile. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakuinua kichwa. Nilikuwa nimeandaa maneno safari nzima, yakanipotea yote, nikasema tu kwamba mkono ulikaa sawa, bibi harusi alikuja kushukuru. Kisha nikamwambia lile lililobaki. Kwamba nilimwona. Kwamba sikusimama.

Alikaza skrubu mbili kabla ya kujibu.

"Najua," akasema. "Nilisimama nje ya mlango mpaka cherehani iliponyamaza, ndipo nikaenda. Sikutaka uharibu nguo ya watu kwa kunikimbilia."

Mwanangu, mkono wa gauni la harusi ni kazi ya zaidi ya nusu saa. Muda wote ule mimi nafurahia kimya, yeye alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, upande wa pili wa ubao wa mlango, ananisubiri nimalize. Sijui niliweke wapi hili. Nimelibeba siku sita.

Hajasema kama atarudi nyumbani. Sijamsukuma. Daktari anasema tutajua taratibu, na mimi nimeleta kazi za mkono za kutosha. Jana aliushika mkono wa blauzi yangu, akaupindua, akakagua mshono kwa ndani. Kisha akauachia, basi nadhani umepita.

Baba yako mdogo anakusalimu. Nimemuuliza kwanza, nikampa na habari za redio yako. Akafikiri, akasema, "Ndiyo, msalimie, na hicho kitufe cha redio akilete."

Shangazi yako